Haki za anayepekuliwa na polisi njiani

Wapo wahamiaji wadhanio kwamba kusimamishwa na polisi njiani ni kukamatwa. Sivyo. Katika England na Wales, sheria ya mwaka 1984 humtaka askari awe na sababu za kuridhisha za kumshuku mtu. Rangi ya ngozi pekee si sababu. Kabla ya kupekua, kwa kawaida sharti ataje jina lake, kituo chake, anachokitafuta na kwa nini. Penye idhini maalumu ya sheria ya mwaka 1994 hahitaji kumshuku mtu, lakini wajibu wa kujieleza hubaki.

Anayepekuliwa halazimiki kutaja jina wala anwani, na aweza kudai nakala ya kumbukumbu ndani ya miezi 3. Asiyejua hukimbia, akajitia mashakani. Ajuaye husimama, akauliza kwa upole, akadai karatasi yake.