Ngoma Isiyo na Mpigaji

Mwalimu, tafadhali angalia kama kila mtu amepata karatasi na kalamu. Wanaosoma polepole wasione haya. Fuateni mstari kwa kidole, nami nitasema bila haraka.

Leo tunazungumza juu ya ngoma. Si ile iliyowambwa ngozi ikapigwa uwanjani, bali ile inayolia ndani ya kompyuta, nyumbani, mtu anaporekodi wimbo wake. Wengi wenu mna vijana wanaorekodi chumbani, na wengine mwarekodi wenyewe. Chumba ni kidogo, jirani yuko nyuma ya ukuta, na dramu kamili ni ghali. Basi twachukua sauti za ngoma zilizokwisha kunaswa na wengine, twazipanga, nazo zalia. Lakini mbona mara nyingi msikilizaji hadanganyiki?

Mimi nilijifunza swali hili kwa aibu. Nilirekodi wimbo wa arusi ya binti wa dada yangu, nikampelekea kaka yangu, ambaye amepiga dramu katika bendi za dansi tangu ujana wake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mdogo wangu, nani huyu aliyekupigia?" Nikajibu, "Ni kompyuta, kaka." Akasema, "Alaa! Nilidhani ni cherehani." Arusi ilikuwa imebakiza wiki 3.

Sasa andikeni neno hili: SAMPULI. Mwenye duka akikuonyesha mchele kidogo kiganjani ili uujue ule ulio guniani, hiyo ni sampuli. Sampuli ya sauti ni kipande kifupi cha sauti ya kweli. Mtu alipiga ngoma mara moja, kipaza sauti kikainasa, na kompyuta yaitunza. Mashine ya kwanza ya ngoma iliyouzwa ikiwa na sampuli za namna hii ni Linn LM-1, iliyobuniwa na Mmarekani Roger Linn na kutoka mwaka 1980. Haikuwa na yale matoazi makubwa ya dramu, kwa kuwa mlio wa toazi huchukua muda mrefu kufa, na siku hizo nafasi ya kutunzia sauti ilikuwa ghali mno.

Nafasi si tatizo kubwa tena. Tatizo ni mkono. Hakuna mtu apigaye ngoma mara mbili sawasawa. Kijiti huangukia katikati, mara nyingine kando kidogo. Mkono mmoja una nguvu kuliko mwenzake. Tena ngoma ikipigwa kwa nguvu, haiongezi ukubwa wa sauti tu. Sauti yenyewe hubadilika, ikawa kali zaidi. Mtu anayenong'ona na mtu anayepiga kelele, je, ni sauti ile ile iliyokuzwa? Hasha. Basi sampuli moja ikirudiwa mara 100, sikio huitambua upesi. Ndiyo cherehani ya kaka yangu.

Kwa hiyo seti nzuri hunaswa kwa jasho. Ngoma moja hupigwa kwa upole, kisha kwa nguvu kidogo, kisha zaidi, hata kwa nguvu zote. Na kila ngazi hupigwa mara kadhaa, ili kompyuta izipokeze zamu. Wewe waiambia nguvu unayotaka kwa namba, kuanzia 1 mpaka 127, kwa utaratibu uitwao MIDI, uliotoka mwaka 1983.

Unapochagua, usitazame picha wala sifa zilizoandikwa. Jaribu mwenyewe. Chukua ile ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma upande wa chini, uilize mara 16 upesi upesi kwa namba moja. Ukisikia cherehani, iache. Halafu panda kutoka namba ndogo hadi kubwa: je, sauti yabadilika, au yakua tu? Mwisho liza toazi, unyamaze. Lafaa life lenyewe taratibu, si kukatika kama uzi.

Programu za bure zipo. Hydrogen na DrumGizmo hazidai senti, ingawa seti kubwa za sampuli hula bando, nawaonyeni. Uko pia mkusanyiko wa Freesound, ulioanzishwa mwaka 2005 katika chuo kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona. Humo kila sauti ina sharti lake. Nyingine ni huru kabisa; nyingine zataka umtaje aliyeinasa; nyingine zakataza biashara. Hapa ndipo kusoma kunapomfaa mtu, maana sharti ni maandishi mafupi tu, na wengi hulipita.

Nawapa kisa kimoja. Mwaka 1969 bendi ya Marekani iitwayo The Winstons ilirekodi wimbo "Amen, Brother". Katikati, mpiga dramu Gregory Coleman alipiga peke yake kwa sekunde zipatazo 7. Baadaye wengine walizikata sekunde hizo wakazitia katika nyimbo zao, maelfu ya nyimbo. Coleman alikufa mwaka 2006, naye hakupata fungu lake katika hizo.

Na ukitaka chapuo au msondo? Huenda usiupate kwa watu. Basi unase mwenyewe. Tundika mablanketi ukutani, funga dirisha, weka simu hatua 2 kutoka kwenye ngoma. Mpigaji apige kwa upole mara 4, kwa kiasi mara 4, kwa nguvu mara 4, akiacha kila mlio ufe kabla ya mwingine. Umepata sampuli 12. Mpe mpigaji haki yake mkapatane mapema.

Mimi nilimwomba kaka aje nyumbani. Sikumpa ngoma, nilimwambia apige meza kwa vidole huku akiusikiliza wimbo. Nikayafuata mapigo yake, namba kwa namba: hapa 90, hapa 35, hapa 104. Niliona pia kosa langu jingine. Nilikuwa nimepanga ngoma 3 na toazi kulia pamoja kwa mikono, na binadamu ana 2. Nilipomchezea tena alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mkono wa kushoto bado mzito." Nilifurahi sana, maana cherehani haina mkono wa kushoto.

Kazi ya wiki hii: mmoja wenu apige meza mara 8 kwa kidole, akijitahidi mapigo yote yafanane, na wenzake wafumbe macho. Kila mtu aandike ni mapigo mangapi yaliyofanana kweli. Mwalimu atakusanya karatasi. Kwaherini.