Ruta Mpya, Printa Imegoma

Msikilizaji, wewe mwenye steshenari pale Msamvu mjini Morogoro, nawe mwalimu kule Mgeta, juu milimani Uluguru, hili ni lako.

Umebadilisha ruta. Simu inashika intaneti vizuri. Lakini printa imegoma, na mlangoni wanafunzi wa chuo kikuu cha SUA wamepanga foleni, flashi mkononi. Usikimbilie fundi. Mara nyingi printa haijaharibika. Inatafuta ruta ya zamani.

Printa hukariri jina la mtandao na nywila yake. Jina likibadilika, inapotea. Basi itambulishe upya. Kwenye kioo chake kidogo fungua mipangilio, ingia sehemu ya mtandao, chagua jina la ruta mpya. Andika nywila taratibu. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. Kama printa haina kioo, iunganishe na kompyuta kwa waya, uitambulishe kwa programu yake.

Sasa nenda kwenye kompyuta. Nayo iwe kwenye ruta hiyo hiyo. Futa printa ya zamani, uiongeze upya, maana huenda anwani yake imebadilika. Wengi husahau hapa.

Narudia: mara nyingi printa haijaharibika, inatafuta ruta ya zamani.

Ipo njia fupi, nami naipenda zaidi. Ipe ruta mpya jina lile lile na nywila ile ile ya zamani. Mara nyingi printa hurudi yenyewe. Tafadhali, jaribu hilo kwanza, kabla hujaipakia printa kwenye bodaboda.