Kabla ya Kulipia Jasho: Mazungumzo na Wakazi wa Tanga

 

Bila shaka wapo wanaojiuliza ofisi ya kuwalinda walaji ina kazi gani na mazoezi ya viungo. Neno lenyewe, mlaji, limekwisha kutuponza mara nyingi. Mahali pengine tumeulizwa kama tumekuja kukagua vyungu vya mama lishe. Mlaji tunayemsema ni kila anunuaye bidhaa au huduma kwa matumizi yake, na siku hizi mazoezi nayo yananunuliwa. Kuna ada ya mwezi ya ukumbi wa vyuma, kuna darasa la yoga, kuna mkanda wa kupunguza tumbo na chai ya kukausha mafuta. Penye kununua na kuuza, nasi tupo.

Lakini tuanze na kile kisichouzwa, kwa kuwa ndicho kilicho kingi zaidi hapa kwetu. Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi yake ni tambarare, na watu wazima kwa vijana huendesha kwenda sokoni, kazini na msibani bila kudhani kwamba wanafanya mazoezi. Alfajiri, ukisimama kwenye njia iendayo Raskazone, utawaona watembeao na wakimbiao, na mwisho wa juma utapishana na vikundi vya jogingi, ambayo kwa kweli ni mchakamchaka wa shuleni uliokua na kununua fulana. Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Vikundi vingi havikusubiri Jumamosi ya pili.

Je, mtu anahitaji kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa wastani, au nusu ya hizo ikiwa mwendo ni wa nguvu. Anayekwenda kazini kwa baiskeli robo saa na kurudi robo saa, siku tano kwa juma, amekwisha kutimiza 150 na hajamlipa mtu. Mwendo wa wastani ni ule unaokuruhusu kuzungumza lakini haukuruhusu kuimba. (Viongozi wa nyimbo za mchakamchaka watusamehe, huenda wao pumzi zao ni za namna nyingine.) Mwongozo huohuo unaongeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa juma, na kwa waliofikisha miaka 65, mazoezi ya kujizuia wasianguke, siku tatu au zaidi.

Hapo ndipo yoga inapoingia, na hapo ndipo tunapoulizwa maswali mengi kuliko mahali pengine popote.

Yoga asili yake ni India. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 21 Juni kuwa siku yake ya kimataifa, kwa azimio la Desemba 2014. Namna inayofundishwa sana madarasani ni mikao ya mwili inayoshikiliwa kwa muda, pamoja na kuvuta pumzi kwa utaratibu. Hunyoosha viungo, huimarisha misuli na hufundisha mwili kusimama imara. Kwa mzee anayeogopa kuanguka bafuni, hilo si jambo dogo. Tafiti zimeonesha pia nafuu ya kiasi kwa wenye maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo. Yoga ya polepole, hata hivyo, mara nyingi haiuchangamshi moyo kama kutembea kwa haraka. Kwa hiyo anayeifanya asiitupe baiskeli yake.

Baadhi ya akina mama wametuuliza kwa sauti ya chini kama yoga ni ibada. Sisi si mufti wala si askofu, na jibu la dini watalipata kwa wenye elimu ya dini. Tunalojua ni kwamba wenye mamlaka wenyewe hawakusema kauli moja: mwaka 2008 baraza la kitaifa la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye vipengele vya ibada, na mwaka 2017 Saudi Arabia iliitambua yoga kuwa shughuli ya michezo. Kwa upande wetu suala ni jepesi zaidi. Mlaji ana haki ya kujua anachonunua kabla hajatoa fedha. Muulize mwalimu waziwazi: darasani kuna maneno ya kuimba au kutamka? Yana maana gani? Mtu anaweza kubaki na mikao peke yake? Mwalimu mkweli hataudhika kwa swali hilo.

Muulize pia alisoma wapi. Duniani kote, kipimo kinachotajwa sana ni mafunzo ya saa 200, na orodha inayojulikana zaidi ya walimu wa namna hiyo hutunzwa na Yoga Alliance, chama binafsi cha Marekani. Cheti hicho ni ushahidi kwamba mtu amepita kwenye mafunzo. Si leseni ya serikali, na hakimfanyi mwenye nacho kuwa tabibu. Tukiwa tumekaa na walimu wa aina mbalimbali, tumeona kipimo kingine kisicho na gharama: mwalimu anayekuuliza kuhusu afya yako kabla ya kukuuliza kuhusu malipo ameanza vizuri. Mwenye presha ya damu isiyodhibitiwa, mwenye presha ya macho na mama mjamzito hawapaswi kufanya kila mkao wafanyao wengine, na kusimama kwa kichwa ni mkao wa kwanza wa kuachwa.

Hapa tutamtaja mzee mmoja bila kumtaja jina, wala mtaa wake, wala aliyemfundisha. Familia yake imeturuhusu tumseme kwa namna hiyo. Mzee huyu alikuwa akimeza vidonge vya presha kwa miaka mingi, na vilikuwa vimemchosha. Akajiunga na darasa la yoga, na darasa likamfaa: usingizi ukarudi, magoti yakalegea, akawa anatembea asubuhi na wajukuu. Furaha yote hiyo ilikuwa ya kweli. Kisha mwalimu akamwambia kwamba sasa mwili wake umesafika, pumzi imechukua nafasi ya dawa, na vidonge ni sumu tu. Mzee akaviweka kabatini. Kwa kuwa presha ikipanda haipigi hodi, alijiona mzima majuma kadhaa. Asubuhi moja mkewe aliona mdomo umekwenda upande na maneno hayatoki sawasawa.

Alipata kiharusi. Yu hai, na anatembea kwa mkongojo.

Watoto wake walipofika mezani kwetu hawakudai fidia. Walikuwa na swali moja tu: yule mwalimu alikuwa na haki ya kusema aliyoyasema? Tuliwajibu kwamba hakuwa nayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na kudai kwamba huduma ina manufaa isiyokuwa nayo ni kumpotosha. Haijalishi kama alisema kwa nia njema. Ugumu wetu ulikuwa kwamba maneno yalisemwa kwa mdomo, chini ya mwembe, na hapakuwa na tangazo wala ujumbe wa simu wa kuushika. Tangu hapo tunawaomba watu wafanye mambo mawili. Kwanza, dawa huanzishwa na kusitishwa na tabibu; mazoezi yakikufaa kiasi cha kuhitaji dawa pungufu, daktari ataliona hilo kwenye vipimo na atapunguza mwenyewe. Pili, mtu akikuahidi kwamba zoezi au kinywaji chake kinaponya kisukari, presha au ugumba, mwambie akuandikie. Wengi hukumbuka ghafla kwamba wana safari.

Kuhusu malipo tutasema machache. Ukumbi unapokupa bei nafuu ya mwaka mzima, jiulize kama utakuwapo mwezi wa tatu, na kama ukumbi wenyewe utakuwapo. Mama mmoja alilipia miezi sita; mwezi wa pili mlango ulikuwa na kufuli. Alichokuwa nacho ni kipande cha karatasi kilichoandikwa "nimepokea", bila jina la biashara. Tuliweza kumsaidia kwa sababu alikuwa hajafuta ujumbe wa malipo kwenye simu. Dai risiti ya mashine, lipia mwezi mmoja kwanza, na masharti ya kurudishiwa fedha uyasome kabla ya kutia saini. Kama hayapo, yaandikwe.

Sasa bidhaa. Mji wetu una sifa yake ya zamani, waja leo waondoka leo. Tusingependa iwe sifa ya muuzaji wa mkanda wa tumbo, anayetandika bidhaa asubuhi na jioni hajulikani alipo. Mkanda unaokutoa jasho hukupunguzia maji. Ukinywa madafu mawili, uzito umerudi. Chai nyingi za kupunguza uzito zina sanamaki, ambayo huharisha, na kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, mafuta yakibaki palepale. Zilizo mbaya zaidi ni zile zinazofanya kazi kwelikweli bila maelezo. Katika nchi mbalimbali zimekamatwa dawa za "mimea" zilizochanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuhatarisha moyo na kuleta kiharusi. Kwa hiyo tazama lebo. Tangu mwaka 2019 vyakula na vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Dawa za asili nazo zina baraza lake la kuzisajili. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, viambato wala tarehe ya mwisho wa matumizi liache mezani pake, hata kama jirani yako limempunguza. Hasa kama limempunguza upesi.

Raba za mtumba si dhambi. Sisi wenyewe tunazivaa. Zikunje katikati kabla ya kulipa, maana gundi iliyokauka huachia soli barabarani. Kwa baiskeli iliyotumika, bana breki zote mbili na ujaribu kuisukuma; bei ijadiliwe baadaye.

Na bahari haina ada, ila ina saa zake. Wavuvi wa Pangani na Mkinga wanajua maji ya bamvu yanavyovuta yanapotoka. Anayejifunza kuogelea awaulize hao kwanza, na asiingie peke yake. Wakati wa kaskazi, joto likiwa kali, wahi kabla jua halijapanda na ubebe maji ya kunywa.

Malalamiko tunayapokea kwa maandishi au kwa mdomo, hayalipiwi, na mwenye risiti aje nayo, mwenye kopo aje nalo hata likiwa tupu. Meza yetu iko pale kwenye kivuli na itakuwapo hadi saa saba mchana. Sasa tupokee maswali, na tuanze na yule mama wa nyuma mwenye kanga ya kijani, aliyeinua mkono tangu tulipoutaja mkanda wa tumbo, na ambaye, kama macho yetu hayatudanganyi, amekuja nao.