Wote Watatu Walimwona



Tukisimulia mfano wa Msamaria mwema, tumezoea kusema kwamba kuhani na Mlawi hawakumjali yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Ni kweli, lakini Mwinjili Luka anaeleza pia jambo tusilolitazama sana: wote watatu walimwona. Kuhani aliyaona majeraha yale yale aliyoyaona Msamaria. Nasi makuhani yafaa tulisome neno hilo polepole. Tofauti ilianza pale mmoja wao alipomkaribia.

Twalisema hilo kwa sababu siku hizi hata sisi wa Kinyangiri tunaona mengi. Picha ya mkimbizi hupigwa nchi ya mbali, na kabla jua halijatua imefika kwenye simu zetu. Mara tumehuzunika, au tumekasirika. Haikuwa hivyo mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Televisheni ilikuwa bado ngeni Tanzania Bara, na wengi wetu tulizipata habari hizo redioni. Lakini ulimwengu uliuona umati ule, na misaada ikamiminika. Baadaye umati ule ule ukatazamwa kwa jicho jingine: misitu iliyokatwa, silaha, wauaji waliojificha kambini. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana wauaji walikuwamo kweli. Hata hivyo, mama aliyebeba mtoto mgongoni na mtu aliyemwaga damu walikuwa wamewekwa katika picha moja, na mwezi Desemba 1996 wote walitakiwa wawe wamerudi kwao kabla ya mwaka kwisha.

Umati hututia hofu. Mtoto mmoja hututoa machozi. Septemba 2015 dunia nzima ilimwona mtoto mdogo wa Kisiria aliyekufa maji, amelala kifudifudi ufukweni huko Uturuki. Michango kwa Msalaba Mwekundu wa Sweden kwa ajili ya Wasiria ikapanda ghafla; baada ya majuma sita hivi ilikuwa imeshuka tena, na vita vikiendelea. Mwezi Mei mwaka huo huo, maelfu ya Warundi walikuwa wamesongamana Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikazuka kati yao, na meli kongwe ya Liemba ikawa inawachukua kuwapeleka Kigoma. Ni wangapi kati yetu waliopata kuiona picha yao?

Wala hatusemi kwamba picha ni mbaya; imewaamsha wengi waliolala. Lakini kila picha ina aliyeichagua, na huruma inayoingojea picha humsahau asiyepigwa. Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972 hawakuwa na picha iliyozunguka dunia. Walipewa ardhi Ulyankulu, kwa jirani zetu wa Tabora, na Katumba, na Mishamo. Wakalima, wakazaa, wakazika wazee wao. Mwaka 2014 wapatao 162,000 kati yao walikuwa wamekubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Kazi hiyo, pamoja na kasoro zake, ilichukua miaka 42.

Zipo pia picha za zamani zinazosambazwa kana kwamba ni za jana, zikiwa na maneno ya uongo ili tumchukie mgeni. Katekista anayeletewa picha ya namna hiyo katika kundi la jumuiya yake na aulize ni ya wapi na ya lini, kabla ya kuipeleka kwa mwingine. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, hata kama ulimi haukutamka kitu.

Tena tunawaomba makatekista kwamba Jumapili ijayo, katika sala ya waamini, wasiseme tu "wakimbizi wote". Wawataje Wakongo walioanza kupokelewa Nyarugusu mwaka 1996, na watoto wao waliozaliwa humo kambini, ambao wengi wetu hatujapata kuziona sura zao.