TUPANDE MKINDU NYUMBANI

(Mazungumzo ya kikundi cha wasusi mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)

 

Tumepewa nafasi ya kusema juu ya mkindu. Wapo waliocheka waliposikia. Wakasema, "Mkindu nao unapandwa? Si mti wa porini huo, wa Mungu?" Sisi tunawajibu kwa swali. Hebu mtu aseme, mara ya mwisho aliona lini kichaka cha mkindu kilichonona pale mtoni? Kimya. Basi mmeshatujibu.

Ndugu zetu, hakuna nyumba hapa isiyo na mkeka. Mtoto akizaliwa, mkeka. Harusi, mkeka. Msiba, mkeka. Mpunga unaanikwa juu ya mkeka. Na wengi wetu tumenunua sare za shule kwa fedha ya mkeka. Zamani ukindu ulikuwa wa bure, unakwenda asubuhi unarudi na mzigo kichwani. Leo tunanunua kwa kichane kutoka kwa wachuuzi wa mbali. Msusi anachana, anasuka ukili, anashona, anauza, halafu fedha yote inakwenda kulipa deni la ukindu. Anabaki na vidole vilivyochomwa na miiba. Hiyo kazi gani jamani?

Nani aliyeumaliza mkindu? Tusinyoosheane vidole, maana kila mmoja ana lake. Wenye bustani walifyeka ukingo wa mto na kuutia moto. Wagema tembo walikata moyo wa mti. Na sisi wasusi, tunakiri mbele yenu, tulivuna vibaya. Tulikata kila kuti changa tulilolikuta, leo hili, juma lijalo linalofuata, mpaka mti ukachoka.

Inafaa tuujue mti wenyewe. Mkindu ni ndugu wa mtende. Unaota tangu Senegali hadi Afrika Kusini, hata Komoro na Bukini, zaidi mahali penye maji, kingo za mito na mabonde. Unasimama mashina mengi pamoja kama familia. Lakini kila shina lina moyo mmoja tu, pale juu makuti yanapochipukia. Ukiukata huo, shina hilo limekufa, halichipui tena juu. Kwa hiyo mkindu si kama muhogo kwamba utakata kijiti ukichomeke. Njia ni mbili tu: mbegu, au machipukizi yaotayo pembeni ya shina.

Tuanze na machipukizi, maana ndiko tulikoanza sisi, na ndiko tulikoaibika. Masika ya 2021 tuling'oa machipukizi 20 kwa kuyavuta kwa nguvu, tukayapanda juani. Yalikufa yote. Mwaka uliofuata tukabadili mwendo, katika 20 yakashika 7. Tofauti ilikuwa hii. Chagua chipukizi la pembeni, lililofika magotini. Fukua taratibu mpaka uone kama lina mizizi yake lenyewe. Kama halina, lifukie liache. Kama linayo, likate kwa panga kali pale liliposhikana na mama, litoke na bonge la udongo. Punguza makuti yake kwa nusu na uyafunge pamoja, yasipoteze maji. Lipande siku hiyo hiyo, si kesho. Litilie kivuli, na maji kila siku mpaka uone kuti jipya limetoka katikati. Na usichukue machipukizi yote ya kichaka kimoja, maana hapo unahamisha umaskini tu kutoka mtoni kuja nyumbani.

Mbegu ndiyo njia ya watu wengi, maana haiumizi mti wa mtoni. Mkindu una dume na jike. Matunda, yaani makindu, yako kwa jike tu. Okota yaliyoiva hasa, yaliyogeuka rangi kuelekea hudhurungi. Yaloweke siku mbili au tatu, yasugue nyama yote itoke, osha. Loweka tena kokwa siku moja au mbili huku ukibadilisha maji. Zinazoelea zitupe. Panda zikiwa bichi. Sisi tuliweka za kwanza juu ya dari karibu mwaka mzima, hazikuota.

Changanya udongo na mchanga, jaza kwenye kiriba kirefu, au ndoo chakavu iliyotobolewa chini. Tunasema kirefu kwa sababu maalumu. Kokwa ya mkindu inaanza kwa kuteremsha mzizi chini, halafu ndipo jani linapanda juu. Chombo kifupi kinaukunja mzizi. Fukia kokwa kina cha kidole kimoja kilicholala, weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutuama maji.

Halafu subiri. Hapa ndipo watu wanashindwa. Inaweza kuchukua mwezi, miwili, hata mitatu, juu huoni kitu. Vijana wetu walichoka wakafukua "kuangalia tu". Wakakuta mzizi umeshashuka, wakaukata kwa kucha zao wenyewe. Mkono usiingie humo! Jani la kwanza litatoka jembamba, zima, kama la nyasi. Usiling'oe ukidhani ni gugu. Makuti yenye kuchanika yanakuja baadaye.

Mche ukifika magotini, upande mwanzo wa masika. Shimo liwe na upana na kina cha dhiraa moja, utie samadi iliyooza vizuri. Kutoka mche hadi mche hatua nne, maana ukikomaa ni kichaka. Usiupande kwenye njia ya watoto. Makuti yake chini yana miiba mirefu. Jihadharini na mbuzi, tena na mdudu chonga, yule yule wa minazi. Anazaliana katika vigogo vya minazi vilivyooza, basi vichomeni, visikae karibu na miche.

Mwanachama mmoja alituuliza, "Nikipata dume si hasara?" Hapana. Sisi tunataka makuti, na ukindu wa dume unasukika sawasawa na wa jike. Mwingine akasema shamba ni la chakula. Kweli. Hatusemi ng'oa mahindi upande mkindu. Tunasema panda penye mfereji, penye maji ya kuogea yanayopotea, pembeni ya bonde ambapo jembe haliingii.

Na ule ukingo wa mto tuurudishie wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mkindu unashika udongo wa ukingo usimegeke. Mvua kubwa ikija, wenye bustani ndio watakaoshukuru kwanza.

Hatutaki kudanganya mtu. Hutasuka mkeka wa mkindu huu mwaka huu, wala mwakani. Miche inakwenda polepole. Sisi wenyewe ile 7 hatujaikata hata kuti moja. Lakini anayesema ni mbali, ajiulize angekuwa wapi leo kama angepanda mwaka ule tulipoanza kununua.

Basi, Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mkutano ukubali mambo manne.

Kwanza, ushirika utupe kipande kile chini ya kisima, yanakomwagika maji, tufanye kitalu. Kazi ya mikono ni yetu.

Pili, kila kaya ichukue miche 5 itakapokuwa tayari, na iilinde na mbuzi wake mwenyewe.

Tatu, pasiwe na ruhusa ya kukata moyo wa mkindu, awe mgema, awe nani.

Nne, na hili linatuhusu sisi wasusi. Katika shina moja tukate kuti changa moja ambalo halijafunguka, linalofuata tuliache lifunguke. Atakayekutwa amekata yote atatozwa kama wengine, hata akiwa mwenyekiti wa kikundi chetu.

Mama zetu waliukuta mkindu umeota wenyewe. Sisi tumeukuta, tukaumaliza. Binti zetu wasije wakaujua kwa kuonyeshwa mkeka chakavu.

Anayetaka kuona miche aje kwetu jioni yoyote. Anayejua mti jike ulikobaki mtoni atuambie kabla nyani hawajamaliza makindu.

 Kazi iendelee.

Sisi, Kikundi cha Wasusi.