Somo la Redio: Nyumba ya Kwanza ya Bwana na Bibi

Katika masomo yaliyotangulia tulieleza mapatano ya ndoa, jinsi bwana na bibi wanavyokubaliana mbele ya Mungu na mbele ya watu. Leo twatoka mlangoni pa kanisa, twawafuata hao wawili, tuone watalala wapi.

Hapa kwetu jambo hili si gumu sana. Kijana huonyeshwa kiwanja na baba yake au na kapita wa kijiji, hufyatua matofali wakati wa kiangazi, rafiki zake humsaidia kuinua kuta. Akipata fedha huezeka mabati, asipopata huezeka majani. Lakini wengi katika vijana wetu hawakai hapa. Hupanda gari moshi huko Samba kwenda Katanga, au hushika njia ya Kabambare mpaka wafike Bukavu, na wengine wamevuka mipaka wakafika Dar es Salaam na Nairobi. Huko kiwanja ni cha fedha nyingi, na chumba cha kupanga hula mshahara kabla haujafika nyumbani. Ndipo wasikiapo kwamba Serikali inajenga nyumba, tena inabeba sehemu ya gharama, hata mwenye mshahara mdogo aweza kuipata kwa kulipa kidogo kidogo. Hufurahi, hukimbilia karatasi ya maombi. Nasi twataka kusema nao juu ya karatasi hiyo, maana wengi huitia sahihi kwa haraka kuliko wanavyonunua ng'ombe.

Jambo lenyewe si geni katika nchi yetu. Mwaka wa 1952 Serikali ya Wabelgiji ilianzisha ofisi ya kujenga miji ya Waafrika, iliyoitwa kwa Kifaransa Office des Cités Africaines. Ofisi hiyo ilijenga nyumba kwa maelfu: Bandalungwa na Matete huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa; Ruashi huko Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi; na nyingine Bukavu na Stanleyville. Zilikuwa nyumba za matofali na saruji, zenye njia zilizonyoshwa, na pale Bandalungwa nyingine ziliwekwa juu ya nyingine kwa ghorofa. Mtu alipanga, au alinunua kwa kulipa kila mwezi kwa miaka mingi. Tena mwaka wa 1955, baada ya mfalme Baudouin kuzuru Kongo, ulianzishwa mfuko ulioitwa Fonds du Roi, ili wenye mapato madogo wasaidiwe kupata nyumba.

Wazee walioishi katika nyumba hizo wangali wakizisifu, na haki yao. Lakini angalieni jambo moja. Nyumba hizo alipewa mwenye kazi, na mwenye kazi alikuwa mwanamume. Bibi alifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto katika nyumba za mafunzo zilizojengwa karibu. Ila katika hati ya nyumba alikuwa kama mgeni. Bwana akifa, shida ilianzia pale pale.

Baada ya uhuru wa 1960 kazi ile ya Serikali ilififia, ingawa Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 48, inasema kwamba haki ya kukaa katika nyumba inayofaa imethibitishwa. Kwa hiyo, mtu akitaka kuona kazi hii inavyofanywa siku hizi, na atazame Kenya.

Huko sheria ya nyumba za bei nafuu ilitiwa sahihi mwezi wa Machi 2024. Kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5, naye mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Wengi walinung'unika, wakaenda hata mahakamani, na kweli si jambo dogo kumkata mtu fedha kwa nyumba ambayo labda hataipata. Lakini nyumba zimejengwa. Mwezi wa Mei 2025, katika mtaa wa Mukuru huko Nairobi, watu walioishi katika vibanda vya mabati walikabidhiwa funguo za nyumba za ghorofa. Nyumba ndogo kabisa pale ina mita za mraba 20, na bei yake ilitangazwa kuwa shilingi 640,000 za Kenya. Arubuni iliyotakiwa mwanzoni ilikuwa asilimia 10, maana yake shilingi 64,000. Sasa tuseme bwana na bibi wanaweka shilingi 2,000 kila mwezi pasipo kugusa: watahitaji miezi 32 ili waipate arubuni hiyo. Ni miaka miwili na miezi minane, na katika muda huo mtoto atazaliwa, mzee ataugua kijijini, na shemeji atataka fedha za shule. Basi hesabu ya kwanza ifanywe nyumbani kabla ya kwenda ofisini, na waifanye wawili pamoja. Bwana anayemficha bibi mshahara wake hawezi kujua kama nyumba itamshinda au haitamshinda, kwa kuwa anayejua bei ya unga na mafuta ni yule aliyefichwa.

Sasa twafika kwenye maswali ya karatasi yenyewe.

Swali: Je, ni dhambi kuandika mshahara mdogo kuliko ule wa kweli, ili kupata nyumba ya bei ya chini?

Jibu: Ni uwongo, nao umekatazwa na amri ya nane, tena ni wizi, umekatazwa na amri ya saba. Katika sheria ile ya Kenya, nyumba za daraja la chini zimewekwa kwa ajili ya wenye mapato yasiyofika shilingi 20,000 kwa mwezi. Anayepata 40,000 akaandika 15,000 haibii Serikali peke yake. Nyumba zinahesabika, na yupo mtu mwingine, labda mchukuzi wa mizigo sokoni mwenye watoto wanne, anayengoja nyuma yake.

Swali: Je, mtu aweza kuomba nyumba ya pili kwa jina la mdogo wake, kisha aipangishe?

Jibu: Hapana. Mtu mmoja hupewa nyumba moja. Wala aliyeinunua hana ruhusa kuiuza pasipo kibali cha maandishi cha baraza linalozisimamia. Tunajua wenye ujanja watacheka wakisikia hayo, maana wameona majirani wakifanya na hawakukamatwa. Sisi hatusemi juu ya kukamatwa.

Swali: Je, wanaoishi pamoja bila ndoa waweza kujiandika bwana na bibi?

Jibu: Hawawezi, kwa kuwa si kweli. Lakini hapa tuna neno kwa waliofunga ndoa pia, na neno hili twaomba mlisikilize vizuri kuliko yote tuliyosema.

Wako Wakristu wengi wa Kasongo waliobarikiwa kanisani, mahari imetolewa, wazazi wa pande zote wamekula pamoja, nao wanadhani kila kitu kimekwisha. Mbele ya Kanisa kimekwisha. Mbele ya Serikali ya Kongo bado. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inatambua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa Serikali anayeandika ndoa na vizazi, au ndoa iliyofungwa katika jamaa kwa desturi kisha ikaandikishwa kwa afisa huyo. Cheti cha padri peke yake hakitoshi. Basi bibi aweza kuishi na bwana miaka ishirini, akamzalia watoto saba, akalipa nyumba pamoja naye kwa fedha za mihogo na za mawese, na siku ya matanga akaulizwa: wewe ni nani humu?

Mmeyaona hayo, hatuna haja ya kuyapamba. Ndugu wa marehemu wanafika, mmoja anachukua funguo, mwingine anahesabu viti, na mjane anakaa nje na vyungu vyake. Wanasema: nyumba ni ya ukoo, ndugu yetu ndiye aliyeandikwa. Wengine ni watu wa ibada, twawajua kwa sura.

Sheria haisemi kama wasemavyo. Yaweka watoto wa marehemu katika daraja la kwanza la warithi. Mjane, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu, wamo katika daraja la pili. Tena mjane amepewa haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokaa pamoja na vyombo vyake. Wajomba na baba wadogo huja nyuma yao. Tena bwana na bibi wanapoandikisha ndoa huulizwa mali yao itakuwa ya namna gani. Wasipochagua, sheria inahesabu kwamba vile walivyovipata baada ya ndoa ni vya wote wawili, hata kama fedha zilitoka mkononi mwa mmoja. Lakini haki hizi zote zashika mkono wa yule mwenye cheti. Ndiyo sababu twawaambia vijana: kabla ya karatasi ya nyumba, itafuteni karatasi ya ndoa. Hata Yozefu na Maria walifunga safari ndefu kwenda kuandikishwa, Maria akiwa mja mzito, wala hawakusema kwamba jambo la Serikali haliwahusu watu wa Mungu.

Kisha, majina yaandikwe yote mawili. Katika sheria ya 1987 bibi alihitaji ruhusa ya bwana wake kabla ya kutia sahihi. Tarehe 15 Julai 2016 sheria hiyo iligeuzwa, ruhusa ile ikaondolewa. Bwana hawezi tena kusema, "Afisa atamkataa mwanamke." Kama hataki jina la bibi liandikwe, na aseme kwa nini, na aseme mbele yake. Huko Kenya, tangu sheria ya mali ya ndoa ya 2013, nyumba wanayokaa bwana na bibi haiuzwi wala haiwekwi rehani pasipo mmoja kukubali kwa mwenzake.

Tuseme na kidogo juu ya kuishi ghorofani, maana si kama kuishi hapa. Huko Unguja, baada ya mapinduzi ya 1964, Serikali ilijenga nyumba za ghorofa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, kwanza Kikwajuni na Kilimani, halafu yale majengo marefu ya Michenzani. Watu waliotoka katika nyumba za udongo za Ng'ambo walipata maji ya bomba na umeme. Lakini walipoteza baraza ya mbele ya nyumba, pale ambapo jirani hupumzika na habari hupita. Ghorofani, bibi akitwanga sombe saa kumi na moja asubuhi, kinu chake chalia juu ya kichwa cha mgonjwa anayelala chini. Kuku hawana uwanja. Na mpwa akija kutoka Kabambare kutafuta kazi, katika mita za mraba 20, atalala wapi? Hatusemi afukuzwe. Kwetu mtu hamfukuzi mtoto wa dada yake, wala hatupendi desturi hiyo ife. Lakini bwana na bibi wapatane mapema ni miezi mingapi, nao wamwambie mpwa mwenyewe siku ya kwanza, kwa heshima, wakati chakula kiko mezani na hakuna aliyekasirika.

Swali la mwisho tuliloletewa na msikilizaji: Nyumba imekwisha kuandikwa kwa jina la bwana peke yake, na ndoa haikuandikishwa. Yafaa nini sasa?

Jibu: Bwana angali hai, basi njia iko wazi. Waende wawili kwa afisa wa ndoa na vizazi, pamoja na mashahidi wa jamaa zote mbili waliokuwapo mahari ilipotolewa, wakaandikishe ndoa. Wahakikishe kila mtoto ana cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba. Kisha bwana aende na bibi kwa ofisi iliyotoa hati ya nyumba, aulize jinsi ya kuliongeza jina la pili. Nakala za karatasi zote zikae mahali ambapo bibi anapajua, wala zisifungiwe katika sanduku la kaka ya bwana. Na wasingoje ugonjwa, kwa maana wakati huo kila anayekaribia kitanda na karatasi huonekana kama mwizi.

Juma lijalo tutaeleza ubatizo wa watoto wachanga.