Ahadi ya Fundi: Kuitangaza na Kuigeuza Kazi ya Ushonaji Zama za Misukosuko

(Mawaidha kwa mafundi cherehani na vijana wanaojifunza kazi za mikono, baada ya swala ya Alasiri)

 



Leo tumekusudia kuzungumza na mafundi cherehani, nao wamo wengi katika safu hizi. Kazi yao imebanwa pande mbili. Upande mmoja, mitumba ya Kongowea na kanzu zilizoletwa tayari kutoka ng'ambo huuzwa kwa bei ambayo fundi hawezi kuifikia. Upande wa pili, wateja wenyewe fedha zimewapungukia, na nguo mpya huwa miongoni mwa mambo ya mwanzo kuahirishwa. Basi fundi mwenye cherehani moja au mbili afanye nini asije akafunga mlango?

Wengi humjibu: ajitangaze. Jibu hilo ni sahihi, lakini limetanguliwa na swali jingine: anatangaza nini? Asiyejua anachokiuza, akiwaita watu, huwa amewaita waje kuishuhudia kasoro yake.

Katika vitabu vya fiqhi, mteja akileta kitambaa chake mwenyewe, mapatano yao huwa ni ijara, yaani kukodi kazi ya mtu. Fundi akitoa kitambaa na kazi kwa pamoja, mapatano huitwa istisnaa. Katika hali zote mbili nguo yenyewe bado haipo wakati wa kuafikiana. Anunuaye kanzu dukani huishika, akaijaribu na kujitazama kwenye kioo. Aendaye kwa fundi hununua neno tu: kwamba nguo itamkaa, na kwamba itakuwa tayari siku fulani. Ndiyo maana wanazuoni wakasisitiza kazi ielezwe na ujira ujulikane kabla ya kuanza. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1992 na kupitisha uamuzi juu ya istisnaa, liliweka sharti kwamba sifa za kinachotengenezwa zielezwe na muda wake ubainishwe.

Kwa hiyo bidhaa ya fundi ni ahadi, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Sote tunaijua "njoo kesho" ya mafundi wetu. Tuseme fundi anaweza kumaliza kanzu tatu kwa siku. Kwa siku 25 za Ramadhani atamaliza 75. Akipokea kazi za watu 120, basi watu 45 ameshawaahidi asichokuwa nacho, hata kama moyoni anatarajia miujiza. Asubuhi ya Idd mtoto wa watu atakaa ndani akiwatazama wenzake. Mwaka unaofuata baba yake hatakwenda tena kwa fundi, atakwenda dukani. Mitumba haikumfukuza mteja huyo.

Sisi tunaosimamia madrasa tumeyaonja haya. Tuliwahi kuagiza sare za wanafunzi kwa fundi mmoja, zikafika baada ya hafla iliyokusudiwa kwisha. Wazazi waliokuwa wakisisitiza tuwape kazi watu wa mtaani ndio waliokuwa wa kwanza kupendekeza tununue zilizo tayari. Fundi mmoja akivunja ahadi, hasara huwafikia mafundi wote wa mtaa.

Tukija kwenye misukosuko, mwaka 2020 haujasahaulika. Machi ya mwaka huo shule za Kenya zilifungwa, mikusanyiko ikazuiwa, na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Julai, kuingia na kutoka Mombasa kulizuiwa. Sare za shule hazikuhitajika, kwani wanafunzi wote hawakurejea madarasani hadi Januari 2021. Harusi zilisimama. Idd ul-Fitri ya Mei ilipita bila ya swala za jamaa misikitini.

Walioshikilia kushona nguo za harusi pekee walikaa wakingojea. Wengine waligeukia barakoa, kwa kuwa kuivaa hadharani kulikuwa kumekuwa lazima. Kazi hiyo ilihitaji cherehani ileile na vipande vya vitambaa walivyokuwa navyo. Lakini haikudumu. Kila mwenye cherehani aliingia humo, barakoa za kiwandani zikajaa, bei ikaanguka. Funzo lake ni kwamba mlango unaofunguka kwa wote kwa siku moja, haukawii kufungika. Uingie upate riziki, ila usiweke rasilimali yako yote humo.

Sahaba Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina aliacha mali yake Makka. Ndugu yake wa Kiansari alitaka kumpa nusu ya mali, naye akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Alianza na samli na jibini kavu, vitu vidogo ambavyo watu huvihitaji kila siku. Fundi naye ajiulize: watu wasiokuwa na fedha za nguo mpya wanahitaji nini? Wanahitaji kupunguziwa, kupanuliwa, kubadilishiwa zipu, kukunjiwa pindo, kugeuziwa nguo ya kaka imwenee mdogo wake. Hata mnunuzi wa mitumba na wa kanzu ya dukani humhitaji fundi, kwa kuwa nguo ile haikukatwa kwa mwili wake. Asiyedharau kazi ya kurekebisha huwageuza wateja wa washindani wake kuwa wateja wake.

Na ipo misukosuko inayojulikana kabla ya kufika. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladia kwa siku kama 11. Idd ul-Fitri iliyokuwa mwishoni mwa Mei 2020 ilikuwa mwishoni mwa Machi 2025. Kwa hesabu, na mwandamo ndio utakaoamua, Ramadhani ya 2030 itaanza wiki ya kwanza ya Januari, shule zinapofunguliwa. Msimu wa sare na msimu wa Idd, ambavyo vilikuwa vikimlisha fundi kwa zamu, vitamjia kwa pamoja. Ajiandae tangu sasa: amfunze mwanagenzi, na sare azishone Novemba na Desemba.

Sasa, ndugu zetu, ndipo tufike kwenye kujitangaza. Tunausia mambo manne.

Kwanza, daftari la vipimo. Andika jina, nambari ya simu, vipimo na tarehe ya kila mteja. Miezi miwili kabla ya Idd mpelekee ujumbe: vipimo vyako tunavyo, nafasi zimebaki kadhaa. Tangazo hilo halina gharama kubwa, nalo humfikia aliyekwisha kukujua.

Pili, picha za kweli. Kwenye WhatsApp weka nguo uliyoishona wewe, ikiwa imetundikwa. Kuchukua picha ya kazi ya mtu mwingine mtandaoni ukaiita yako ni ghushi, sawa na yule aliyeificha nafaka iliyolowa chini ya kavu, Mtume (s.a.w.) akamkemea sokoni. Wala usitoe picha ya mteja, hasa mwanamke, bila ya idhini yake.

Tatu, bei ya kila kazi ibandikwe ukutani, na mteja apewe karatasi yenye siku ya kuchukua nguo. Nafasi zikijaa, sema zimejaa. Anayeambiwa "siwezi" kwa wema hurudi, lakini aliyedanganywa harudi.

Nne, vipande vinavyobaki virejeshwe kwa mwenyewe bila ya kuulizwa. Ni amana. Mteja anayekabidhiwa mita nusu aliyokuwa hakuitarajia atalisimulia jambo hilo barazani, sokoni na harusini, na hakuna bango liwezalo kufika huko kote.

Nanyi wateja, msijadiliane upya ujira kazi ikishakwisha, wala msilete kitambaa usiku wa 27 mkadai nguo ya Idd. Na kamati za misikiti na madrasa ziagize sare mapema kwa mafundi wa mitaa yao, kwa maandishi, na walipe kwa wakati.

Tunamwomba Allah awabariki mafundi wetu katika mikono yao na ndimi zao, na atujaalie sote kuwa watu wa kutimiza ahadi.

Wabillahi tawfiq.